AMANA YA MUUZA DAWA: TANGU KAMBI YA AFSHIN HATA DZALEKA NA LILONGWE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maradhi akajaalia na dawa zake; na sala na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika kila mtaa wenye zahanati au duka la dawa yuko mtu ambaye watu humwona mara kwa mara wala hawamtaji wakihadithia khabari za watu wa kheri. Tabibu husifiwa anapoponya, na mkunga huombewa dua mtoto anapozaliwa. Lakini yule asimamaye nyuma ya meza, akahesabu vidonge na kuvitia katika bahasha ndogo, hupokea cheti au fedha, na mgonjwa huenda zake. Waislamu wa kale hawakumdharau mtu huyu. Walimwita saidalani, na kazi yake wakaifanya kuwa elimu yenye vitabu vyake na wasimamizi wake. Khabari yake ni ndefu, na kurasa zake za karibuni zimo katika nchi ya Malawi, mjini Lilongwe na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako wasemaji wa Kiswahili ni wengi.

SAIDALANI NA ELIMU YA MAJINA

Katika zama za Makhalifa wa Bani Abbasi kazi ya kuuza dawa ilianza kutengana na kazi ya kutibu. Sabur bin Sahl, tabibu Mkristo wa Gundishapur aliyefariki mwaka 869, alitunga kitabu cha kanuni za kuchanganya dawa, nacho kikatumika katika mahospitali na maduka. Baadaye Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga katika Andalusi, alisafiri kutoka Maghribi hata Sham akikusanya mimea. Na kabla ya kufariki Dameski mwaka 1248 alikwisha kuandika kitabu chenye kueleza dawa na vyakula vipatavyo 1,400.

Lakini aliyeifahamu khasa khatari ya kazi hii ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyefariki yapata mwaka 1050. Katika kitabu chake cha elimu ya madawa, Kitab as-Saydana, aliyakusanya majina ya kila dawa kwa Kiarabu, Kiyunani, Kisuriani, Kiajemi na lugha za Kihindi. Hakufanya hivyo kwa kujionyesha. Alijua ya kuwa dawa moja huweza kuwa na majina matano, na jina moja huweza kushika dawa mbili. Na kosa la jina ni kosa la dawa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alipokuwa kijana huko Khwarazm alikuja Myunani katika mji wao, naye akawa akimpelekea mbegu na matunda na mimea, akimwuliza kila kimoja jina lake na kuliandika.

Wala elimu haikuachwa peke yake bila ya msimamizi. Muhtasibu wa soko, aliyekagua mizani ya mchinjaji na unga wa mwokaji, alikuwa na wajibu pia wa kuwatazama wauza dawa, wasije wakachanganya kitu duni na kitu bora, wala wasiuze kilichoharibika kwa jina la kilicho kizima. Na sharia ya Kiislamu tangu mwanzo ilimtwika dhamana mtu ajitiaye katika utabibu bila ya kuujua: akidhuru, atawajibika.

MTIHANI WA KAMBINI

Khabari iliyo mashuhuri kupita zote katika jambo hili ilitokea kambini. Ibn Abi Usaybia, tabibu na mwandishi wa Dameski katika karne ya 13, aliihifadhi. Katika zama za Khalifa al-Muutasim, yapata mwaka 836, jemadari Afshin alikuwa vitani juu ya Babak, na katika jeshi lake walikuwamo wauza dawa wengi. Tabibu Zakaria at-Tayfuri akamwonya kwamba miongoni mwao wako ambao hawaulizwi kitu wakasema hawana. Afshin akatwaa daftari moja la mambo ya kwao Ushrusana, akachagua humo majina kama 20 yasiyokuwa ya dawa kabisa, akawapeleka watu wakayatake madukani.

Wauza dawa wakawa mafungu mawili. Wengine walikiri kwamba hawazijui dawa hizo wala hawanazo. Wengine walidai kwamba wanazijua, wakapokea fedha, wakatoa chochote kilichokuwa dukani mwao. Afshin aliwakusanya wote. Waliosema hawanazo akawaruhusu kubaki kambini, na waliouza majina matupu akawafukuza.

Mtihani huu ni wa kuzingatiwa. Wauza dawa hawakupimwa kwa wingi wa bidhaa, wala kwa ufasaha wa ulimi, wala kwa wepesi wa kuhudumia. Walipimwa kwa neno moja dogo ambalo kila mfanya biashara hulichukia: "Sina." Aliyeweza kulisema ndiye aliyeaminiwa na roho za askari.

DAWA KATIKA NCHI YA NYASA

Kiswahili kiliingia katika nchi ya Nyasa zamani sana kabla ya kambi za wakimbizi. Yapata miaka ya 1840 mfanya biashara Salim bin Abdallah alistakimu Nkhotakota, ukingoni mwa ziwa, akawa wa kwanza katika watawala walioitwa Jumbe. Misafara ilivuka ziwa kuelekea pwani ya Kilwa ikiwa na pembe na watumwa. Si khabari ya kujivunia yote, maana machozi mengi yalidondoka katika njia ile. Lakini ndiyo njia iliyoleta pia Uislamu na herufi za Kiarabu na lugha ya pwani.

Wakati huo mgonjwa alikwenda kwa mjuzi wa mitishamba, au kwa mwalimu aliyemwandikia kombe. Homa ndiyo iliyokuwa adui mkubwa wa wageni na wenyeji. Dakta Livingstone, aliyefika Nkhotakota mwaka 1861, alikuwa akitumia vidonge alivyovitunga mwenyewe, vyenye kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharisha. Kwinini hiyo ilikuwa imetolewa katika magome ya mti wa Marekani ya Kusini na wataalamu wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Mwaka 1875 wakaja wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia pamoja na tabibu wao, Dakta Robert Laws, na tangu hapo dawa za kizungu zikaanza kuenea katika nchi.

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na mwaka 1975 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe. Mji ukakua, na hospitali kuu ya Kamuzu ikajengwa humo. Mwaka 1988 ikatungwa sheria ya kusimamia dawa na sumu, na mwaka 2019 sheria mpya ikachukua mahali pake na kuiweka mamlaka inayosajili dawa na kutoa leseni kwa maduka. Ndiyo muhtasibu wa zama hizi. Mafundi wa dawa walifundishwa katika chuo cha afya Lilongwe. Ama wafamasia wenye shahada, kwa miaka mingi hapana budi walisomea nchi za nje, hata mwaka 2006 mafunzo ya shahada yalipoanzishwa katika chuo cha utabibu cha Malawi. Kwa hiyo wajuzi wa kazi hii hawakuwa wengi, na katika vijiji vingi mtu wa karibu kwa mgonjwa alikuwa mwenye kiduka auzaye vidonge pamoja na sabuni na chumvi.

DZALEKA NA WINGI WA NDIMI

Kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, iko Dzaleka. Katika zama za Rais Banda palikuwa gereza la kutisha, na wengi huhusisha jina lake na maneno ya mfungwa anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 utawala wa Banda ulikoma. Na mwaka huo huo pahali hapo pa kufungia watu pakafanywa pahali pa kuwahifadhi, kwa ajili ya waliokimbia mauaji na vita katika Rwanda, Burundi na Kongo. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hata 12,000. Baada ya miaka 30 waliokuwamo walizidi 50,000, walio wengi wakiwa ni watu wa Kongo. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwamo, warudi kambini, na msongamano ukazidi.

Zahanati ya Dzaleka huwahudumia wakimbizi pamoja na wananchi wa vijiji vya jirani. Mbele ya dirisha la dawa husimama Mchewa, Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo. Cheti kimeandikwa kwa Kiingereza, mtoa dawa husema Kichewa, na mama aliyembeba mtoto hujua Kiswahili cha Uvira au Kirundi tu. Hapo ndipo elimu ya al-Biruni inaporudi kuwa jambo la uhai na mauti.

Tazama neno moja tu. Kwa Mrundi na Mnyarwanda, "ikinini" ni kidonge chochote, ingawa neno lenyewe limetokana na kwinini. Kwa msemaji wa Kiswahili cha pwani, kwinini ni dawa moja maalumu, chungu, yenye kuvumisha masikio. Mmoja akisema mtoto amekwisha kupewa kinini, na mwingine akafahamu kwamba amepewa kwinini, yaliyofahamika siyo yaliyosemwa. Kadhalika dawa ya malaria ambayo Mtanzania huiita mseto, Malawi huitwa kwa herufi mbili tu, LA. Mgeni akitaka mseto huenda akaambiwa haupo, nao umejaa kabatini.

Na khatari iliyo kubwa zaidi imo katika hesabu. Burundi mwaka 2003, na Kongo mwaka 2005, zilichagua dawa ya malaria inywewayo mara moja kwa siku kwa siku tatu. Malawi mwaka 2007 ilichagua nyingine, inywewayo mara mbili kwa siku kwa siku hizo hizo tatu: kipimo cha pili saa nane baada ya cha kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee. Mtoto wa kilo 5 hata asiyefika 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, na mtu mzima vinne, jumla 24. Basi mama aliyezoea dawa ya kwao hukumbuka siku tatu, akampa mtoto mara moja kwa siku, na mtoto akapata nusu ya dawa. Hakuwa mjinga wala mzembe. Alifuata alivyofundishwa na zahanati ya nchi yake. Anayeweza kumwokoa ni yule mwenye bahasha mkononi, akisimama kidogo na kumwuliza: "Mama, huko mlikotoka mlikuwa mkiinywaje? Hebu nieleze utakavyompa hii." Akimsikia akikosea, humrekebisha kwa upole, mbele ya watu wasio na subira walio nyuma yake katika foleni.

Swali hilo halina bei wala haliandikwi katika daftari. Lakini humo ndimo ilimo nusu ya dawa.

NENO "SINA" LILIPOPONYA NCHI

Huenda mtu akadhani kwamba haya ni mambo madogo ya mama mmoja na mtoto mmoja. Malawi yenyewe ni shahidi kwamba siyo. Kwa miaka mingi dawa ya malaria ilikuwa klorokwini. Ilikuwa rahisi, na kila mtu aliinunua: huyu kidonge kimoja kwa kuumwa kichwa, yule viwili akabakiza vingine kwa homa ya mwakani. Vimelea vya malaria vikakutana na dawa isiyotosha kuviua, na vilivyosalia ni vile vilivyoweza kuistahimili. Hata dawa ikawa kama maji.

Mwaka 1993 Malawi ikawa nchi ya kwanza katika Afrika kusini ya Sahara kuiacha klorokwini na kuchukua dawa nyingine, SP. Ikaondolewa mahospitalini na, kwa sehemu kubwa, madukani pia. Ndipo likatokea jambo ambalo wataalamu hawakulitazamia. Mwaka 1992 mjini Blantyre alama ya usugu ilionekana katika vimelea 85 kwa kila 100. Mwaka 2000 ilionekana katika 13 tu. Na mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mtaa wa Ndirande: katika watoto 80 waliopewa klorokwini, dawa ilishindwa kwa mmoja tu, na katika watoto 87 waliopewa SP, ambayo sasa ndiyo iliyotumiwa na watu wote, ilishindwa kwa 71. Dawa iliyokufa ilikuwa imefufuka kwa kuachwa, na ile iliyochukua mahali pake ilikuwa imechoka kwa kutumiwa.

Ni nani waliolifanya jambo hili? Serikali ilitoa amri, ndiyo. Lakini amri ingekuwa karatasi tu kama wenye maduka wangeendelea kuuza kwa mlango wa nyuma, kama ilivyokuwa katika nchi nyingi. Mteja alikuja na fedha mkononi akitaka dawa aliyoizoea tangu utotoni; muuza dawa akasema, "Sina," akapoteza faida ya siku ile. Wengi waliposema hivyo miaka kwa miaka, nchi ikapona usugu wa dawa ile. Afshin angewaruhusu hawa kubaki kambini mwake.

MAJI, CHUMVI NA SUKARI

Si kila huduma ni kunyima. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya watu kuingia India, kipindupindu kilizuka katika kambi ya Bangaon, na maji ya kutia mishipani yakaisha. Dakta Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na sukari zipimwe na kutiwa katika vifuko, zichanganywe na maji safi, na jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Elimu hii ambayo leo imo katika kila duka la dawa duniani ilithibitika kambini, mikononi mwa mama na baba wasiokuwa matabibu.

Malawi iliihitaji sana. Kuanzia Machi 2022 kipindupindu kiliivamia nchi, na zaidi ya watu 1,700 walifariki kabla hakijatulia mwaka 2023. Kifuko cha chumvi hizo ni cha bei ndogo kabisa, wala hakimtajirishi mtu. Lakini kikitolewa bila maelezo, mmoja hukikoroga katika kikombe kimoja badala ya lita nzima, na mwingine hukiacha mtoto anapotapika. Anayesema, "Lita moja ya maji safi, mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika ngoja kidogo kisha endelea, akizidi kulegea mlete upesi," amefanya kazi ambayo dawa iliyo ghali haiwezi kuifanya.

MWEZI WA RAMADHANI

Kwa Waislamu liko jambo jingine. Ramadhani inapoingia, wako wagonjwa wanaokigeuza kipimo kwa rai yao: wa kisukari huacha vidonge vyake vya mchana, na mwenye malaria husema kwamba atakunywa vyote wakati wa futari. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Kuikataa rukhsa hiyo hata mwili ukaangamia si uchaji. Muuza dawa mwenye ilimu humwuliza mgonjwa wake mapema, tangu Shaabani, na humrudisha kwa tabibu aangaliwe kama dawa yake yaweza kuhamishiwa usiku au la. Hapo fakihi na mfamasia hukutana katika kazi moja, na inapendeza kila mmoja amtume mtu kwa mwenziwe.

MALIPO YA KAZI HII

Watu wengine watauliza: kazi hii ina faida gani kwa aifanyaye, ikiwa sifa zake ni kukataa fedha, kurudia maneno yale yale, na kuwarudisha wateja hospitali? Katika Dzaleka swali ni zito zaidi. Malawi ilipoukubali mkataba wa wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake juu ya kazi na mahali pa kukaa. Hivyo aliyesomea dawa Bujumbura au Bukavu hawezi kufungua duka kama mwananchi, na elimu yake hukaa kama taa iliyofunikwa. Hata hivyo ulimi wake haukufungwa. Akisimama kuwa mkalimani baina ya mtoa dawa na jirani yake, amekwisha kurudi katika kazi yake.

Malipo yake ni kuaminiwa. Mwaka 1260 mjini Cairo muuza dawa wa Kiyahudi, al-Kuhin al-Attar, aliandika kitabu cha kumfundisha mwanawe kazi ya duka. Waislamu wakakisoma na kukitumia kwa karne nyingi, maana uaminifu katika dawa hauulizi dini ya mwenye duka wala ya mnunuzi. Vivyo hivyo katika Lilongwe na Dzaleka: mama wa Kichewa na mama wa Kikongo humrudia mtu yule yule, naye hujua ni mtoto yupi aliyetapika mwaka jana, na ni mzee yupi asiyeona herufi za bahasha. Watoto aliowapimia kwa kilo 5 sasa huja wenyewe kuchukua dawa za wazee wao.

Nao walio upande wa pili wa meza wana wajibu wao: wanunue penye leseni, wasidai dawa waliyokatazwa, wamalize kipimo hata homa ikiondoka siku ya pili, wasiweke vilivyobaki kwa mtoto mwingine, na waulize bila ya haya. Na akiwaambia "Sina," au "Nenda kwanza ukapimwe," wasimwone kuwa amewanyima. Huenda siku hiyo ndiyo aliyowapa kubwa kuliko zote.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wote, awape uaminifu wenye kuwahudumia, na awarudishe kwa amani waliotoka makwao. Amin.